Rafiki akikuuliza wewe hasa ni kabila gani

Kwa wenzangu wa Mombasa tuliozaliwa na damu mbili tatu: rafiki mwenye asili moja akikuuliza wewe hasa ni kabila gani, usianze kujigawa nusu na robo. Anza na watu. Mwambie, "Mama ni Mdigo wa Likoni, baba ni mjukuu wa Mbaluchi wa Mji wa Kale," kisha mweleze nani alikulea, Idi mnaanza kwenda kwa nani, wali wa nazi unapikwa siku gani na biriani siku gani. Hapo atakuelewa, maana naye ana bibi na kwao kuna jiko.

Akisema, "Basi wewe si Mdigo kamili," usinyamaze wala usigombe. Mwambie kwa upole kwamba kwa watu wa mama yako hujawahi kuwa mgeni. Ukitokea msiba unaketi na wafiwa. Akizidi kubisha, mwonyeshe mji wenyewe ulivyochanganyika: Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, Waomani wakaiteka 1698, na Waswahili wa hapa wanajihesabu Thenashara Taifa, yaani mataifa 12.

Ninalolipenda zaidi ni kumrudishia swali. Muulize bibi mzaa mama yake alitoka wapi. Wengi hawajui, wataenda kuuliza nyumbani, na mkikutana tena mazungumzo yatanoga zaidi.

Utani wa kabila mvumilie rafiki wa karibu tu. Akiuleta mbele ya watu na ukakuuma, mvute kando umwambie siku hiyo hiyo.