Kupima kama protini imeingia kweli ndani ya kloroplasti

Protini nyingi za kloroplasti hutengenezwa nje yake, kwenye saitoplazimu, zikiwa na kipande cha ziada mwanzoni kinachozielekeza kwenye TOC na TIC, yaani milango ya utando wa nje na wa ndani. Zikishaingia, kimeng'enya cha stroma (majimaji ya ndani ya kloroplasti) hukikata kipande hicho. Anza na kitengo kidogo cha Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi: tangulizi yake (yaani ikiwa bado na kipande hicho) ina uzito wa kilodaltoni 20 hivi, iliyokatwa ina 14, na kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa tofauti hiyo huonekana wazi.

Vuna miche ya njegere ya siku 8 hadi 12, mapema asubuhi. Majani yaliyokwisha kujaza wanga hayafai, maana chembe zake nzito hupasua kloroplasti ndani ya sentrifuji. Saga kwa sekunde chache kwenye bafa baridi yenye sorbitoli 0.33 M, chuja, kisha pitisha kwenye Percoll (kimiminika kizito cha kutenganisha chembe) ya asilimia 40 iliyowekwa juu ya ile ya 80. Zima breki ya sentrifuji. Kloroplasti nzima hukaa kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili. Za juu zimepasuka, ziache. Tumia ncha za pipeti zilizokatwa, na fanya yote kwenye barafu.

Tangulizi itengenezwe kwenye dondoo la ngano, kwa methionini yenye salfa-35, ya mnururisho, ili ionekane kwenye jeli. Ichanganye na kloroplasti zenye mikrogramu 25 za klorofili na ATP (chanzo cha nishati) 3 hadi 5 mM, nyuzi 25, dakika 10 hadi 20. Gizani, ATP ikiwa chini ya 0.1 mM, protini hunasa mlangoni tu. Dondoo nalo lina ATP, hivyo kwa kipimo cha kunasa iondoe kwanza.

Sasa thermolisini, kimeng'enya kinachosaga protini zilizobaki nje, hatua ambayo bila yake huna ushahidi: mikrogramu 100 kwa mililita, kalsiamu 1 mM, barafuni dakika 30, kisha izime kwa EDTA 10 mM, inayonasa kalsiamu ambayo thermolisini huihitaji. Bafa ya kusagia huwa na EDTA. Isipooshwa vizuri kimeng'enya hakifanyi kazi, na tangulizi iliyonasa nje itasalia ikikupotosha. Usitumie tripsini, kimeng'enya kingine cha kusaga protini, hupenya utando wa nje.

Weka pia sampuli yenye thermolisini pamoja na Triton X-100, sabuni inayoyeyusha utando. Humo mstari wa 14 lazima utoweke. Ukibaki, protini hiyo ni sugu yenyewe, na kusalimika kwake hakuthibitishi kuingia.

Mitokondria zilizotengwa wakati mwingine hupokea tangulizi za kloroplasti, kwa hiyo hakikisha tena kwenye seli hai kwa GFP, protini inayong'aa kijani. Iunge mwishoni mwa protini. Ikiungwa mwanzoni hufunika kipande cha kuelekeza.