Seva ya barua pepe nyumbani: pima poti 25 kwanza

Unayepanga kuweka seva ya Linux nyumbani, ya tovuti na barua pepe, usikimbilie kununua mashine. Kwenye kompyuta uliyo nayo, andika amri hii, inayopima poti 25, yaani mlango ambao seva hutumia kupelekeana barua pepe:

nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25

Ikikaa kimya mpaka ikate tamaa, yaelekea mtoa huduma wako wa intaneti amefunga poti 25, na barua hazitatoka hata ukeshe na Postfix, programu ya seva ya barua. Mimi nilikesha siku mbili nikilaumu main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, kumbe faili halina kosa lolote!

Kisha ingia kwenye ruta utazame anwani ya IP ya upande wa nje. Ikiwa inaanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, unachangia anwani moja na wateja wengine; mtu wa nje hakufikii.

Nilipoishia mimi: mafaili na masanduku ya barua yapo nyumbani, ila nimekodi seva ndogo ya mbali yenye IP ya kudumu, nikaiunganisha na ya nyumbani kwa WireGuard (programu ya VPN, njia salama kati ya mashine mbili) ili barua zipitie huko. Kabla hujalipa, uliza kama poti 25 iko wazi na kama watakuwekea rekodi ya PTR, inayoonyesha IP hiyo ni ya jina gani, yenye jina la seva yako. Bila rekodi hiyo, Gmail hukataa barua au huzitupa kwenye spamu. Umeme ukikatika usiku mmoja, tulia. Seva zinazokutumia barua hurudia kujaribu, kwa kawaida siku kadhaa.