Kupanga potifolio ya dizaini mteja aielewe fasta

Potifolio ni mkusanyo wa kazi zako unaomwonyesha mteja, so kwanza kabisa usiweke kila kitu jamani. Chagua kazi kama sita hivi, zile kali tupu, maana mteja anakupima kwa ile mbovu kuliko zote, na iliyo kali zaidi ikae ya kwanza coz wengi hawashuki mpaka chini.

Alafu kila kazi ipe maelezo. Tuseme umechora kanga, usibandike picha moja ukaishia hapo, weka kanga nzima imetandazwa pindo lionekane pande zote nne, sogea karibu kwenye mji (ile sehemu ya katikati) na jina (yale maandishi ya kanga), weka na skechi za penseli, weka zile rangi ulizozikataa na useme kwa nini, kisha mtu kajifunga tuone kitambaa kinavyokaa mwilini, hapo ndo mteja anaona unafikiria na sio kubonyeza programu tu. Mi naona hii ndo inayouza kazi na ndo watu wanairuka.

Kama mlikuwa timu sema wewe ulifanya kipi.

Pa kuweka, Behance (mtandao wa kuonyesha kazi za dizaini) ni bure, inatosha kuanzia. Blogu yako ya WordPress inafaa kusimulia kazi kwa kirefu ila picha zipunguze uzito, watu wanafungua kwa bando. Na ukimrushia mtu WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na yale maandishi ya jina yanafifia.

Namba ya simu na imeli juu kabisa, mtu asitafute.