Kukaza baketi inayocheza kwenye skidi loda kuukuu

Skidi loda, zile mashine ndogo za kupakia zenye mikono miwili na baketi mbele, nyingi unazoziona Dar es Salaam zilishuka bandarini zikiwa mtumba. Injini bado nzima, haidroliki ina nguvu, tajiri ameridhika, ila baketi inacheza. Dereva akikata kona inagonga, akiishusha inagonga tena, na akisawazisha kifusi uso wa ardhi unabaki na mawimbi hata awe hodari namna gani. Wengi hapo humwita mchomeleaji aishike baketi moja kwa moja kwenye bamba la mashine, lile lililo mwisho wa mikono na linaloshika baketi, kazi ikaisha. Naomba usifanye hivyo. Ukishaichomelea huwezi tena kuvalisha uma za kubebea mizigo wala nyundo ya kuvunjia zege. Tena siku nyufa zikianza kwenye mshono ule, zitatambaa mpaka kwenye bamba lenyewe, na hilo ndilo ghali.

Karakana yetu iko Vingunguti, na kazi hii tunaianza kwenye mikono ya mashine, tukitoka nje kuelekea baketi. Baketi inashughulikiwa mwisho. Mchezo unaouona pale mbele ni jumla ya michezo midogo mingi: pini na bushi (kikombe cha chuma ambamo pini inazunguka), kabari zinazobana baketi, mdomo wa bamba, na mgongo wa baketi yenyewe. Ukianza kujaza chuma kwenye baketi wakati pini zimelika, utakuwa umeitengeneza ifuate ubovu wa pini. Ukija kubadilisha pini baadaye, baketi haitakaa.

Mfumo wenyewe wa kuvalisha baketi si mgumu kuuelewa. Kampuni ya Bobcat waliutoa wa kwao mwaka 1970 wakauita Bob-Tach, na umbo hilo la bamba likaja kutumiwa na watengenezaji wengi. Sasa lina kiwango cha kimataifa, ISO 24410, ndiyo maana baketi ya kampuni moja unaweza kuivalisha mashine ya kampuni nyingine. Juu ya bamba kuna mdomo unaoingia chini ya ukingo ulioinama mgongoni mwa baketi. Chini kuna kabari mbili, kila moja ina springi na wenzo wake. Ukilaza wenzo, kabari inashuka na kupita kwenye tundu la chini la baketi, na ule mteremko wake unaibana baketi kwenye bamba. Shika neno hili: kabari lazima iguse ukingo wa tundu. Ikipita bila kugusa, hata wenzo ukiwa umelala vizuri kabisa, baketi haijabanwa, imening'inia tu. Nimeona baketi ikichomoka na mzigo wake kwenye eneo la ujenzi, vibarua wenye makoleo wakiwa hatua chache mbele. Hakuumia mtu siku ile, lakini ndiyo sababu jambo hili silifanyii mzaha.

Kabla ya kufungua chochote, osha. Udongo uliochanganyika na grisi na kukaukia kwenye maungio unaficha nyufa, tena unazuia kabari kushuka. Kisha chora kwa chaki mstari unaoanzia mgongoni mwa baketi ukaingia kwenye bamba, kushoto na kulia. Mwambie dereva ainue baketi kidogo tu kutoka ardhini, ailaze mbele na nyuma polepole, wewe ukiwa umesimama pembeni, mbali na mikono ya mashine. Mstari ukikatika, ujue baketi inacheza kwenye bamba, yaani tatizo liko kwenye kabari, mdomo au mgongo. Mstari ukibaki mzima na bado unasikia kugonga, tatizo liko kwenye pini. Mara nyingi kwenye mashine za zamani utakuta yote mawili.

Ili kuhakikisha pini, laza baketi chini, zima injini, chezesha vishikio vya haidroliki mpaka presha iishe. Chomeka mtaimbo chini ya ungio la mkono na bamba, inua. Pini ikiruka juu ndani ya sikio lake kabla bamba halijasogea, umeshapata jibu. Usiweke kidole pale kupima. Na kama kazi itakulazimu kuinua mikono, weka chuma cha kuzuia mikono kilichokuja na mashine. Haidroliki peke yake haimlindi mtu aliyeinama chini.

Vua baketi, simamisha bamba juu ya magogo na ulifunge kwa mnyororo, kwa sababu ukichomoa pini ya silinda ya kulazia, bamba litaanguka upande linaotaka. Fungua bolti inayozuia pini, halafu ipige kwa kipande cha shaba, usiipige kwa nyundo moja kwa moja maana kichwa kitapanuka na haitatoka tena. Hewa yetu ya bahari hufanya pini zing'ang'anie. Mwagia mafuta ya kulegezea kutu, ziache zilale usiku mzima. Ukikimbilia moto utaunguza sili.

Pini ikitoka, ipime kwa vernia sehemu mbili: katikati ilikolika, na mwishoni ambako haijaguswa. Tofauti ndiyo ulaji. Bushi nayo ipime kwa njia mbili zinazokatana, kwa sababu hailiki duara, inalika upande mmoja ikawa ya yai. Mimi pini na bushi zikiachiana chini ya nusu milimita nazirudisha. Zikikaribia milimita mbili sijadiliani na mtu, zinatoka. Angalia pia tundu lenyewe ambamo bushi inakaa. Kama bushi ilikuwa inazunguka ndani yake, tundu limepanuka, na bushi mpya haitashika hata ukiipigilia. Hapo bamba linakwenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi wa kukereza, na umsisitize fundi achonge matundu ya pande zote mbili kwa mstari mmoja. Akichonga kila upande kivyake pini haitanyooka.

Ukimpelekea pini ya zamani kama sampuli, mwandikie kipimo cha sehemu isiyolika, la sivyo atakukerezea pini nyembamba sawa na ile mbovu. Chuma kiwe EN19 au EN24, vyuma vya aloi vyenye nguvu. Nondo hapana, hata iwe nene kiasi gani. Wengine watakupa kipande cha shafti ya lori, nacho ni chuma kizuri, lakini ugumu wake uko kwenye ngozi ya nje. Kikikerezwa mpaka kikapungua sana, ngozi hiyo imekwenda na umebaki na ndani laini.

Sasa jambo dogo ambalo linaua bushi mpya nyingi mjini hapa. Bushi inatakiwa iwe na tundu la grisi, na tundu hilo likae sambamba na njia ya grisi iliyo kwenye bamba. Fundi akisahau kulitoboa, au ukiiingiza bushi imegeuka, utapiga grisi kila asubuhi na haitafika kwenye pini. Weka alama kwa chaki kabla ya kuisukuma, isukume kwa presi au kwa bolti ndefu yenye washa nene pande mbili, kisha piga pampu kabla hujarudisha pini. Uione grisi ikichomoza ndani ya bushi kwa macho yako. Ikichomoza, rudisha pini na bolti yake.

Kwenye kabari, vua zote mbili na springi zake. Ilaze kabari juu ya kioo. Ikiyumba imepinda, na iliyopinda haikunjuliwi, inanunuliwa nyingine. Ikiwa imenyooka ila mteremko umelika, mpya bado ni bora. Mashine ikiwa ya zamani kiasi kwamba kabari haipatikani, inajazwa. Kata kipande cha karatasi ngumu ya boksi kifuate mteremko wa sehemu isiyolika, kiwe kipimo chako. Jaza chuma kwa rodi za kuchomelea za namba 7018, sio zile za kawaida za 6013, kisha saga kwa grinda polepole ukilinganisha na boksi lako. Usiipoze kwa maji. Chuma kigumu kikipozwa ghafla kinapasuka, na ufa wenyewe unaweza kujitokeza siku kabari ikiwa imebeba mzigo.

Rodi za 7018 zinanyonya unyevu, na Dar unyevu haukosekani. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa, uitumie siku hiyo hiyo. Zilizokaa wazi dukani hazikaushwi kwa kuanikwa juani, zinahitaji tanuri la zaidi ya nyuzi 300. Na unapochomelea chochote kwenye mashine yenyewe, toa nyaya za betri, futa grisi yote, funika mipira ya haidroliki, na kibano cha athi (waya wa kurudisha umeme) kishike karibu kabisa na unapochomelea, juu ya chuma kile kile. Ukikiweka mbali, umeme utapita kwenye pini na bushi ulizotoka kuzilipia.

Wenzo uwe mgumu kidogo kuulaza. Ukishuka kwa kidole kimoja, springi imekufa, na mtikisiko wa kazi utauinua wenyewe.

Mdomo wa bamba hauna maneno mengi: piga mistari ya kuchomelea juu ya sehemu iliyolika, saga, jaribu, rudia. Jaribu kwa baketi iliyo nzima kuliko zote ulizonazo. Usijaze kupita kiasi, kwa sababu bamba lisipozama vizuri chini ya ukingo, kabari za chini hazitayaona matundu yake.

Halafu ndiyo tunafika kwenye baketi. Tundu la kabari lililotanuka lifunike kwa bamba la unene ule ule wa awali, lichomelewe pande zote, likatwe tundu jipya. Mgongo ulioachia unaongezewa ubapa mwembamba mpaka ukutane na bamba. Fanya hivyo kwa kila kifaa cha mashine hiyo, uma na nyundo pia, maana kifaa kimoja chenye mgongo uliolika kitakula mdomo uliotoka kuujaza.

Kujaribu: valisha baketi, laza wenzo zote mbili, ilaze baketi nyuma, kisha zima injini, ushuke uangalie kabari zote mbili zimetokeza chini na zimegusa ukingo. Panda tena, bonyeza mdomo wa baketi ardhini mpaka magurudumu ya mbele yainuke kidogo. Chora ule mstari wa chaki upya na urudie kulaza mbele na nyuma. Grisi kwenye pini na kabari iwe kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi, na ukizama kwenye matope wakati wa masika, piga tena jioni kabla ya kuegesha ili ile mpya iyasukume maji nje. Jioni ya siku ya kwanza kaza upya bolti zote za kuzuia pini, na uangalie kama mstari wa chaki bado mzima.