Somo: Kutenga sehemu ya kupima magari kwenye gereji yako, Mtwara na Lindi

Ndugu mafundi, somo hili ni la mwenye gereji anayetaka kupima magari ya wateja kabla hayajafika kwa mkaguzi. Tuelewane mapema: ukaguzi wa kisheria ni kazi ya mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Sisi tunamwonyesha mwenye gari hali halisi ya chombo chake. Karatasi yetu si stika ya ukaguzi, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Hatua ya 1: Vibali. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni ya halmashauri, usajili wa mahali pa kazi OSHA, na ukaguzi wa Zimamoto. Waite Zimamoto kabla hujamwaga zege. Kuhamisha mlango uliokwisha kujengwa ni gharama ya bure.

Hatua ya 2: Sakafu. Iwe tambarare kweli, maana sakafu ikiinama hata kipimo cha taa kinadanganya. Mwashi aje na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, mkague pembe zote nne mkiwa pamoja.

Hatua ya 3: Shimo. Hapa wengi hukosea. Kina cha mita 1.5 hivi na upana wa sentimita 80 vinatosha gari dogo kupita na fundi kusimama. Lakini kama kiwanja chako kiko karibu na bahari, chimba kwanza kishimo cha majaribio wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Maji yakichungulia, achana na shimo, jenga njia mbili za zege zilizoinuka gari lipande juu. Na popote ulipo, usiweke soketi ya umeme ndani ya shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia humo chini, na cheche moja inatosha kuua mtu. Tumia taa ya volti 12 isiyopasuka kirahisi. Injini isiungurume wakati mtu yuko chini.

Hatua ya 4: Breki. Mashine ya rola ndiyo bora, kwa sababu inapima kila gurudumu peke yake. Kushoto ikisoma 200 na kulia 130, tofauti ni 70. Gawanya kwa 200, unapata asilimia 35. Nchi nyingi hazikubali tofauti izidi asilimia 30. Gari hilo likikanyagwa breki ghafla kwenye lami iliyolowa litavuta kushoto.

Huna rola? Tafuta uwanja wako uliofungwa, usijaribu barabarani kwa watu. Gari likiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, likasimama ndani ya mita 7 tangu breki ziliposhika, ufanisi wa breki ni karibu asilimia 50. Likipita hapo, lirudi kwa fundi.

Hatua ya 5: Taa. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Mwanga wa chini ukate kama sentimita 5 chini ya kimo cha taa yenyewe. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia hupandisha mwanga kulia, na kumpofusha anayekuja mbele. Hapo ni kubadili taa. Kuzungusha skrubu hakusaidii.

Hatua ya 6: Chini ya gari. Mtu mmoja atikise usukani, mwingine atazame viungo vya chini: tairodi, boli jointi na bushi. Matairi, shokapu na silensa ni kazi ya macho na mikono, mnaijua.

Hatua ya 7: Tenganisha anayepima na anayetengeneza. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Fundi anayelipwa kwa kubadilisha bushi ataona bushi mbovu kila gari. Anayepima awe na mshahara wake, ajaze fomu kwa namba na si kwa "iko poa", na mteja awe huru kuondoka na fomu hiyo kwenda gereji nyingine. Jina la gereji litajengwa na uhuru huo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Newala): Shikamoo mwalimu. Fuso za korosho zikishuka mlima breki zinatoa moshi, pedali inazama. Gerejini zikipimwa zinaonekana nzima tu. Tatizo nini?

Jibu: Marahaba. Mnapima breki zikiwa baridi. Kama ni breki za mafuta, angalia mafuta yenyewe. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inabonyeza mapovu. Badilisha mafuta, kisha mwambie dereva ashuke na gia ndogo tangu juu, asingoje kasi ipande.

Swali (Kilwa Masoko): Pikapu za samaki tuzikague nini zaidi?

Jibu: Chesesi na paipu za breki. Maji ya chumvi hutiririka kutoka kwenye matenga hadi ndani ya fremu. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu. Paipu yenye kutu iliyobanduka usiipake rangi, itolewe.

Swali (Mtwara mjini): Kaka, mtaji wangu ni mdogo. Nianze na nini?

Jibu: Jeki nzuri na stendi zake nne, tochi kali, kipimo cha upepo wa tairi, kipimo cha kina cha kashata za tairi, na ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya taa. Rola itakuja baadaye. Stendi usinunue za bei ya chee, kuna mtu atalala chini yake.