Galoni kwenda lita: kwanza jua ni galoni ipi

Ukikuta neno galoni kwenye lebo ya dawa ya shamba, kwenye kibati cha pampu au kwenye tangazo la gari, usikimbilie kikokotoo. Hesabu yenyewe ni kuzidisha mara moja tu. Kinachoharibu kazi ni kuzidisha kwa namba ya galoni nyingine, na kosa hilo halijitangazi: jibu linatoka safi, na desimali zake, kumbe limepotoka kwa karibu asilimia 20.

Hatua ya 1: Tambua galoni

Galoni rasmi za vimiminika ziko mbili, na mtaani kuna ya tatu.

Galoni ya Marekani ni lita 3.785 (kwa ukamilifu 3.785411784). Asili yake ni galoni ya divai ya Waingereza, inchi za ujazo 231, iliyowekwa kisheria mwaka 1707 enzi za Malkia Anne. Wamarekani wakabaki nayo. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824 wakaweka galoni mpya inayochukua ratili 10 za maji. Leo hiyo ni lita 4.54609. Ndiyo maana galoni 5 za Uingereza zinakaribia kabisa kuwa 6 za Marekani.

Ya tatu ni jina la chombo. Tanzania mtu akisema "niletee galoni ya maji" mara nyingi anamaanisha dumu la plastiki la lita 5. Ukienda duka la rangi, galoni ni kopo la lita 4, na fundi akikuandikia galoni 6 anataka lita 24. Hakuna ubaya wowote, watu wanaelewana. Ubaya huja pale dumu la lita 5 linapotumika kufuata lebo iliyochapwa Marekani.

Dalili za kuitambua ni hizi:

- Kama lebo ina galoni na lita kwa pamoja, gawanya lita kwa galoni. Ikitoka 3.8 hivi ni ya Marekani, ikitoka 4.5 hivi ni ya Uingereza. Chupa kubwa ya maji ya dispensa iliyoandikwa lita 18.9 ni galoni 5 za Marekani: 18.9 ÷ 5 = 3.78.
- Kama kuna aunsi (fl oz, kipimo kidogo cha ujazo), galoni ya Marekani ina aunsi 128 na ya Uingereza ina 160.
- Angalia bidhaa ilitengenezewa soko gani. "US gal" ni ya Marekani, na "Imp gal" (Imperial) ni ya Uingereza. Kitabu cha gari lililotoka Uingereza kinatumia galoni ya Uingereza kwenye ulaji wa mafuta, ingawa vituo vya kule vinauza kwa lita. Falme za Kiarabu nako petroli iliuzwa kwa galoni ya Uingereza hadi mwaka 2010 walipohamia lita, kwa hiyo karatasi za zamani za gari kutoka Dubai zisome hivyo.

Ukikosa dalili yoyote, fanya hesabu zote mbili uone ni ipi inayolingana na chombo kilicho mbele yako. Vikokotoo vingi vya mtandaoni ukiandika galoni bila maelezo huchukua ya Marekani. Na ukiona humo galoni ya vitu vikavu ya lita 4.4, iruke, haihusu vimiminika.

Hatua ya 2: Zidisha, kisha kagua upande

Kutoka galoni kwenda lita: ya Marekani zidisha kwa 3.785, ya Uingereza zidisha kwa 4.546. Kurudi, lita zidisha kwa 0.264 upate za Marekani, au kwa 0.22 upate za Uingereza. Hiyo 0.22 ni nzuri kuikariri: lita 100 ni galoni 22 za Uingereza, na karibu 26.4 za Marekani.

Ukaguzi ni mmoja tu. Namba ya lita lazima iwe kubwa kuliko namba ya galoni, mara nne hivi. Ukibadili galoni 50 kuwa lita ukapata 13, umegawanya badala ya kuzidisha.

Kwa kichwa: ya Marekani zidisha kwa 4 kisha punguza asilimia 5. Galoni 30 ni 120, toa 6, unabaki na lita 114. Jibu kamili ni 113.6. Kwa ndoo na madumu hiyo inatosha. Kwa tanki kubwa usikadirie: galoni 5,000 kwa 3.8 ni lita 19,000, lakini kwa namba kamili ni 18,927. Lita 73 zisizokuwepo zimeongezeka kwa kukadiria desimali mapema, kwa hiyo punguza desimali mwishoni, kwenye jibu.

Vipande vidogo vya galoni navyo vinatofautiana. Painti ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza 568. Kwati ya Marekani ni mililita 946, ndiyo maana kitabu cha gari kikisema injini inachukua kwati 5 za oili, unahitaji lita 4.73: kopo la lita 4 halitoshi, la lita 5 litabakiza kidogo.

Hatua ya 3: Dawa ya shamba

Hapa ndipo kosa lina gharama kubwa kuliko kote, kwa hiyo nenda polepole.

Lebo ya Marekani ikisema aunsi 2 kwa galoni (2 fl oz per gal), usihangaike na galoni nzima. Igeuze moja kwa moja iwe mililita kwa lita:

- Marekani: aunsi 1 kwa galoni = mililita 7.8 kwa lita
- Uingereza: aunsi 1 kwa galoni = mililita 6.25 kwa lita

Kwa hiyo aunsi 2 za Marekani ni mililita 15.6 kwa kila lita ya mchanganyiko. Bomba la mgongoni la lita 16 linataka 15.6 × 16, yaani mililita 250.

Sasa tazama dumu la lita 5 linavyoharibu. Mkulima anapima aunsi 2 (mililita 59) na kuziweka kwenye "galoni" yake ya lita 5. Anapata mililita 11.8 kwa lita badala ya 15.6, pungufu kwa robo. Wadudu dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki kuzaliana, naye anasema dawa ni feki. Kinyume chake, ukitumia 7.8 kwenye lebo ya Uingereza unazidisha dawa kwa robo, na majani machanga yanaweza kuungua.

Mtego mwingine ni aunsi yenyewe. Dawa ya unga hupimwa kwa aunsi ya uzito, gramu 28.35, na lebo huandika "oz" bila "fl". Aunsi 1 ya uzito kwa galoni ya Marekani ni gramu 7.5 kwa lita, na inahitaji mizani. Kuipima kwa kikombe cha mililita ni kubahatisha, kwa sababu unga mwingine ni mwepesi na mwingine mzito.

Lebo ikitaja kijiko kikubwa (tbsp), hicho ni kipimo cha Marekani cha mililita 14.8, kwa hiyo kijiko 1 kwa galoni ni mililita 3.9 kwa lita. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia bomba la sindano la mililita 10 au 20, bila sindano yake, na ukishalitumia kwa dawa libaki la dawa milele.

Dozi ya ekari ni rahisi kwetu kwa kuwa ekari ni ileile. Lebo ikisema painti 1 ya dawa katika galoni 20 za maji kwa ekari, galoni 20 za Marekani ni lita 75.7. Gawanya kwa 16: mabomba 4.7 kwa ekari. Painti 1 ni mililita 473. Gawanya kwa 4.73 upate mililita 100 kwa kila bomba. Kama wewe unamaliza ekari kwa mabomba 8, basi mililita 100 kwa bomba itakuwa dozi kubwa mno: gawa zile mililita 473 kwa 8, yaani 59 kwa bomba, mradi lebo inaruhusu maji mengi zaidi.

Hatua ya 4: Pampu na matanki

Kibati cha pampu huandika GPM, galoni kwa dakika. GPM 1 ya Marekani ni lita 3.785 kwa dakika, au mita za ujazo 0.227 kwa saa. Ya Uingereza ni lita 4.546, au 0.273 kwa saa. Pampu ya GPM 10 ikiwa ya Marekani inajaza tanki la lita 2,000 kwa dakika 53. Ikiwa ya Uingereza, dakika 44. Kibati kikiwa na "m³/h" pembeni, mashaka yameisha: GPM 10 pamoja na 2.27 ni Marekani.

Lakini namba hiyo mara nyingi ni ya juu kabisa, pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ukipandisha maji hadi ghorofani hupungua. Pima mwenyewe: weka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 32 unapata lita 37.5 kwa dakika, karibu GPM 10 za Marekani. Ikijaa kwa sekunde 50 ni lita 24, hata kibati kiseme nini.

Kulinganisha na bili ya maji, kumbuka uniti moja ni mita moja ya ujazo, lita 1,000, ambazo ni galoni 264 za Marekani au 220 za Uingereza.

Mapipa: pipa la bei ya mafuta ghafi kwenye habari ni galoni 42 za Marekani, lita 159. Halina uhusiano na pipa la chuma la mtaani. Hilo Wamarekani hulihesabu galoni 55, yaani lita 208. Waingereza walilizoea kwa galoni 44, yaani lita 200. Ukinunua pipa zima, uliza lita zilizomo.

Kwa gari, ulaji wa mafuta wa mpg (maili kwa galoni) zidisha kwa 0.425 kama ni galoni ya Marekani au kwa 0.354 kama ni ya Uingereza, upate kilomita kwa lita. Tangazo la mpg 40 ni kilomita 17 kwa lita kwa Marekani, na 14.2 tu kwa Uingereza.

Hatua ya 5: Usichanganye ujazo na uzito

Lita moja ya maji ni kilo moja. Petroli ni kama kilo 0.74, dizeli 0.84, mafuta ya kula 0.92. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula lina kilo 18.4 za mafuta, si 20.

Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa kosa la aina hii. Safari ilihitaji kilo 22,300, na matangini mlikuwa na lita 7,682. Waliokokotoa walitumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, wakaisoma kama kilo. Namba sahihi ilikuwa karibu 0.8. Wakaongeza lita 4,917 badala ya zaidi ya 20,000. Marubani waliiongoza ndege ikielea bila injini hadi uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na abiria wote wakapona.

Hatua ya 6: Weka alama kwenye chombo

Kama unafuata lebo za galoni mara kwa mara, tengeneza ndoo yako ya kipimo. Weka ndoo nyeupe ya plastiki juu ya mizani ya jikoni inayofika angalau kilo 5, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha mimina maji safi ya kawaida. Ikisoma kilo 3.78 simama, subiri maji yatulie, shusha macho yalingane na usawa wa maji, chora mstari kwa kalamu isiyofutika, andika M. Endelea kumimina hadi kilo 4.53, chora mstari wa pili, andika U. Mizani iwe juu ya meza iliyonyooka. Ndoo ikiinama, mstari wa upande mmoja utadanganya.

Usiamini chombo kilichojaa hadi mdomoni. Dumu la lita 20 hufikia lita 20 chini ya shingo, na ukilijaza mpaka juu lina zaidi. Kama dumu lako halina mstari, lijaze kwa ndoo ya M mara 5, ongeza lita 1.07, kisha chora hapo.