Somo: Vigawo vya polinomia, macho kwanza kalamu baadaye

Hamjambo wote. Wanafunzi ninaowafundisha jioni hapa Nakuru wananiletea shida ya aina moja. Ukiwapa (x + 5)(x − 5) wazidishe, watakupa x² − 25 bila kusita. Ukiwapa hiyo x² − 25 na kuwaambia watafute vigawo vyake, kalamu inaganda. Kwenda wanakujua, kurudi ndiko kunakowashinda.

Kutafuta vigawo ndiko huko kurudi: unaichukua polinomia iliyoandikwa kwa kujumlisha na kutoa, unaiandika upya kwa kuzidisha. Nyingine zinataka ujaribu jozi za nambari moja baada ya nyingine mpaka upate inayokubali. Nyingine, na hizi ndizo za leo, zina umbo linalojulikana. Ukiliona umbo, jibu umeshalipata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya macho, na wanaokimbilia kuandika ndio wanaokosea.

Sharti moja kabla hatujaanza: miraba ya 1 hadi 15 iwe kichwani, yaani 1, 4, 9, 16, 25 mpaka 225. Asiyejua kwamba 169 ni 13 × 13 hataona umbo lolote hata likimkodolea macho. Ongeza na vipeo vya tatu vya mwanzo (kama 2 × 2 × 2 = 8): 1, 8, 27, 64, 125.

Hatua ya 1: Toa kigawo cha shirika

Tazama kama kuna nambari au herufi inayogawanya vipande vyote, yaani sehemu zinazotenganishwa na alama za kujumlisha au kutoa. Kama ipo, itoe nje ya mabano kwanza. 3x² − 75 haifanani na umbo lolote, maana 3 si mraba kamili na 75 pia si mraba kamili. Toa 3 nje: 3(x² − 25). Sasa umbo limejitokeza, na jibu ni 3(x + 5)(x − 5). Hiyo 3 usiisahau njiani.

Hatua ya 2: Hesabu vipande

Vikiwa viwili, nenda hatua ya 3 au ya 5. Vikiwa vitatu, nenda ya 4.

Hatua ya 3: Vipande viwili, kuna kutoa katikati

Kama vyote viwili ni miraba kamili na kati yao kuna alama ya kutoa, hii ni tofauti ya miraba miwili:

a² − b² = (a + b)(a − b)

Wengi wameikariri. Wachache wameiona. Chukua karatasi ya daftari la miraba, ukate mraba wenye vyumba 20 kwa 20. Hivyo ni vyumba 400. Kwenye kona ya juu kulia, kata utoe mraba mdogo wa 4 kwa 4. Umetoa vyumba 16, vimebaki 384, na karatasi sasa ina pengo kwenye kona. Kata mstari mnyoofu kutoka chini ya pengo hadi ukingo wa kushoto. Una vipande viwili: cha chini kina upana wa 20 na kimo cha 16, cha juu kina upana wa 16 na kimo cha 4. Kizungushe kile cha juu kisimame, kimo kiwe 16 na upana 4, kisha ukibandike ubavuni mwa kile cha chini. Vimo vinalingana! Umepata mstatili mmoja wenye upana wa 24 na kimo cha 16. 24 ni 20 + 4, 16 ni 20 − 4, na 24 × 16 ni 384. Hakuna chumba kilichopotea. Weka a mahali pa 20 na b mahali pa 4, na kanuni nzima iko mezani. Nimewafanyisha wanafunzi hivi kwa mkasi, na waliokata wenyewe hawaniulizi tena kwa nini alama moja ni ya kujumlisha na nyingine ya kutoa.

Mifano:

9m² − 49n² = (3m + 7n)(3m − 7n)

x⁴ − 81 = (x² + 9)(x² − 9) = (x² + 9)(x + 3)(x − 3)

Huo wa pili ndio mtego. Ukifika (x² + 9)(x² − 9) ukaweka kalamu chini, hujamaliza, kwa sababu x² − 9 bado inavunjika. x² + 9 iache ilivyo. Jumla ya x² na nambari chanya haivunjiki kwa nambari tulizonazo sekondari, na anayeandika (x + 3)(x + 3) azidishe aone kile 6x kinachojitokeza katikati bila kualikwa.

Umbo hili huokoa pia kwenye maswali yanayosema "bila kutumia majedwali wala kikokotoo". Tafuta 8.69² − 4.31². Ukianza kuzidisha 8.69 kwa 8.69 utajaza ukurasa. Kwa umbo: (8.69 + 4.31)(8.69 − 4.31) = 13 × 4.38 = 56.94.

Hatua ya 4: Vipande vitatu

Hapa tunatafuta mraba kamili. Jiulize kwa mpangilio huu: cha kwanza ni mraba? Cha mwisho ni mraba, tena chenye alama ya kujumlisha? Kile cha katikati ni mara mbili ya vipeuo vyao (kipeuo cha 9 ni 3, kwa kuwa 3 × 3 ni 9) vikizidishwa pamoja? Ukijibu ndiyo mara tatu, andika mabano moja yenye mraba juu, na alama ya ndani iwe ile ya kipande cha katikati.

4x² − 12x + 9: kipeuo cha kwanza ni 2x, cha mwisho 3, mara mbili ya 2x × 3 ni 12x. Jibu ni (2x − 3)².

x² + 13x + 36: vipeuo ni x na 6, mara mbili yake ni 12x, lakini swali lina 13x. Si mraba kamili. Inavunjika, ila kwa njia ya kawaida: (x + 4)(x + 9). Watunga mitihani wanaipenda sana hii, kwa sababu mwenye haraka huona x² na 36 akaandika (x + 6)² papo hapo.

x² + 10x − 25: umbo limeharibiwa na alama ya mwisho. Mraba wa nambari hauwi hasi.

Kuona umbo hili kwa mchoro si jambo geni. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, katika karne ya 9, alipofumbua x² + 10x = 39 alichora mraba wa x, akaupachika vipande vya ile 10x ubavuni, akakuta kona imebaki wazi. Kona hiyo ni 5 × 5. Akaongeza 25 pande zote mbili: x² + 10x + 25 = 64, yaani (x + 5)² = 64, na x ikawa 3. (Jibu la −8 hakulihesabu. Urefu hauwi hasi.)

Hatua ya 5: Vipeo vya tatu

Nitapita haraka, wa kidato cha pili, washughulikieni miraba kwanza.

a³ + b³ = (a + b)(a² − ab + b²)

a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²)

Alama ya kwanza inafanana na ya swali, ya pili ni kinyume chake, ya mwisho ni ya kujumlisha siku zote. Kipande cha katikati hakizidishwi kwa mbili. Mfano: 27y³ − 64 = (3y − 4)(9y² + 12y + 16). Mabano hayo ya pili msihangaike kuyavunja tena.

Hatua ya 6: Rudi nyuma uhakikishe

Zidisha jibu lako. Kama muda ni mfupi, weka nambari moja mahali pa x, isiwe 0. Kwa 4x² − 12x + 9, weka x = 5: swali linatoa 100 − 60 + 9 = 49, na jibu linatoa 7² = 49. Zikikataa kulingana, jibu si sahihi, hakuna mjadala.

Jaribuni haya na mlete majibu: (a) 50x − 2x³ (b) 9x² + 30x + 25 (c) 1001² − 999² (d) 8a³ + 125

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili, Kakamega: Asante mwalimu. Kijana wangu kila siku anaandika (x + 3)² = x² + 9. Namwambia si hivyo lakini na mimi sijui kumweleza.

Jibu: Usimweleze, mama. Mwambie aweke 1 mahali pa x. Kushoto atapata 4², yaani 16. Kulia atapata 1 + 9, yaani 10. Akishangaa, mpe ile karatasi ya vyumba achore mraba wenye upande wa x + 3, augawe kwa mstari wa wima na wa mlalo. Ataona mraba wa x, mraba wa 3, na mistatili miwili ya 3x aliyokuwa akiitupa.

Nyakach Form Two: Mwalimu, tumepewa 16x² − (x − 3)². Nifungue mabano kwanza?

Jibu: Hapana, ukifungua utaliharibu umbo. Yachukue mabano yote kama kitu kimoja. a ni 4x, b ni (x − 3):

[4x + (x − 3)][4x − (x − 3)]

Hapo kwenye mabano ya pili ndipo watu huanguka. Ile alama ya kutoa inagusa vyote viwili vya ndani, kwa hiyo ni 4x − x + 3. Unapata (5x − 3)(3x + 3), kisha unatoa 3: jibu ni 3(5x − 3)(x + 1). Weka x = 1 uhakikishe: 16 − 4 = 12, na 3 × 2 × 2 = 12.

Muuza Mitumba, Kibuye: Mimi shule niliacha zamani, nimesoma tu kwa kupenda. Hii kitu inaweza kunisaidia kwa hesabu ya sokoni?

Jibu: Inaweza, ndugu, nambari zikiwa zimekaa pande mbili za nambari nyepesi. Nguo 95 kwa shilingi 105: katikati ni 100, zimeachana nayo kwa 5, kwa hiyo 10,000 − 25 = 9,975. Nguo 38 kwa shilingi 42: 1,600 − 4 = 1,596. Kwa 37 mara 58 sahau, chukua simu.

Webuye Hesabu: Umesema x² + 9 haivunjiki, na nakubali. Lakini x⁴ + 4 pia ni jumla ya miraba miwili, na mwenzangu anadai inavunjika.

Jibu: Mwenzako yuko sawa. Nilichosema kinahusu x² na nambari chanya. Ikifika x⁴ kuna ujanja: ongeza 4x², halafu uitoe papo hapo, thamani isibadilike.

x⁴ + 4x² + 4 − 4x² = (x² + 2)² − (2x)²

Mraba kamili umezaa tofauti ya miraba miwili, na jibu ni (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Weka x = 2: 16 + 4 = 20, na 10 × 2 = 20. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyeishi 1776 hadi 1831.

Webuye Hesabu: Sawa kabisa. Basi x⁶ − 64, nianze na miraba au vipeo vya tatu?

Jibu: Anza na miraba. (x³ + 8)(x³ − 8), na kila kimoja unakivunja kwa hatua ya 5: (x + 2)(x² − 2x + 4)(x − 2)(x² + 2x + 4). Ukianza na vipeo vya tatu utafika (x² − 4)(x⁴ + 4x² + 16), na wengi hudhani hiyo ya pili imegoma. Haijagoma. Ipige kwa ujanja ule ule wa x⁴ + 4, ukiongeza na kutoa 4x², utafika pale pale.

Nyakach Form Two: Majibu yangu: (a) 2x(x + 5)(x − 5) (b) (3x + 5)² (c) 4000 (d) (2a + 5)(4a² − 10a + 25)

Jibu: (b), (c) na (d) ni safi. Kwenye (a) weka x = 1. Swali linatoa 50 − 2 = 48, lako linatoa 2 × 6 × (−4) = −48. Ukitoa 2x nje, ndani inabaki 25 − x², siyo x² − 25, kwa hiyo andika 2x(5 + x)(5 − x). Ukitaka x ianze kwenye mabano yote mawili, basi mbele iwe −2x.